Mndimu Alioupanda Harub

Jua halijapanda juu ya kuta za udongo za mashamba ya Ibra, Omani, na Harub Marhoun keshavua viatu. Anavuka mfereji wa falaji, anasimama chini ya mndimu wa jirani yake, Khelef, na kuupekua tawi moja moja. Anatafuta vijani vidogo vya manjano vilivyosongamana kama ufagio. Mti ukishapata ugonjwa huo hauponi. Hung'olewa ukachomwa.

“Mzima huu, alhamdulillahi,” anasema, na Khelef anashusha pumzi.

Harub, mwenye miaka arubaini na moja, ni mzaliwa wa Unguja na mkaguzi wa mimea. Tangu ugonjwa ulipogunduliwa huku, mwaka juzi, serikali imepiga marufuku kuhamisha miche ya ndimu na imewatuma wakaguzi shamba kwa shamba. Yeye peke yake keshakagua miti elfu mbili na mia tatu.

Mwanzoni watu walimfungia milango. Nani akubali mndimu wake ung'olewe?

“Waliniita mkata riziki,” anacheka. “Khelef huyu huyu alinifungulia beberu. Nilikimbia, wallahi, kanzu mkononi!”

Kisha akaukuta ufagio mahali asipopataka: shambani kwa shangazi yake, Bi Rahila, aliyemlea tangu alipofiwa na mama. Na mndimu ule wenye ugonjwa aliuleta mwenyewe, ungali mche. Miaka minne kabla, akitoka harusini Batina, huko pwani, aliupakata njia nzima mpaka Ibra.

“Kwetu huendi kumtazama shangazi mikono mitupu,” anasema. “Nilipouona ule ufagio, niligeuka nitazame kama kuna aliyeniona. Nikataka ninyamaze. Nani angejua?”

Lakini kando ya falaji ile ile yapo mashamba ya majirani, yenye mindimu sitini, na wadudu huubeba ugonjwa mti kwa mti. Akinyamaza, itakwisha yote. Akisema, huenda kazi ikamponyoka, na uso wa shangazi atautazamaje?

Alisema.

Bi Rahila, ajuza wa miaka sabini, amekaa jamvini akikata ndimu za achari. Anaikumbuka siku ile vizuri.

“Kaja kainama kama mwizi, hata shikamoo kaisahau. Nikamwambia, kwani wewe ulijua? Futa machozi, mwanangu, kalete shoka.”

Hakuishia hapo. Aliwaita majirani wote waje watazame. Harub akakiri mbele yao kwamba mche aliuleta yeye, kisha akaukata mti na kuuchoma. Bibi akawageukia: “Wangu umekwenda. Haya, nani tena atamfungia mwanangu mlango?”

Hakuna aliyemfungia. Alasiri ile Khelef alimfunga beberu wake na kufungua lango. Miti miwili ilikutwa na ugonjwa, ikachomwa. Hamsini na minane imesalimika hadi leo. Harub aliandika yote katika ripoti yake, na mkubwa wake akamwacha kazini.

“Namshukuru Mungu, na namshukuru shangazi,” anasema, machozi yakimlengalenga. “Bila yeye ningekuwa bado napiga hodi.”

Hata ndimu anazokata Bi Rahila leo zimetoka kwa Khelef, kapu zima, bila kuombwa.

Msimu ujao serikali inatarajia kugawa miche iliyokaguliwa, na Harub amekwisha kumwandikisha shangazi yake wa kwanza. Tunamuuliza bibi kama ataupokea mche wake. Anaweka kisu chini.

“Wa serikali nitaupokea,” anasema. “Lakini huyu mwambieni, safari hii aje mikono mitupu.”