Cherehani Ikinyamaza

Tangu afiwe na mumewe, mama fundi cherehani alishonea katikati ya mji, mlango wazi, uso barabarani. Mwanawe akaona mtaa umejaa vibaka, akamhamishia kwake nje ya mji: ukuta mrefu, geti la umeme, na kwenda dukani mpaka uwe na gari. Mama hakumaliza mwezi, akafunga virago akarudi.

Mwana akamfuata, amekuja juu. "Mama, huku utaibiwa. Kwangu kuna usalama."

Mama hakuacha kushona. "Hapa cherehani yangu ikinyamaza tu, kinyozi wa ng'ambo ya barabara anakuja kuchungulia nina nini. Kwako niliteleza bafuni asubuhi, nikalala sakafuni mpaka uliporudi kutoka kazini jioni. Hata mwizi wa kuniinua hakupita."