Muigai Asiyepotea Njia

“Wewe ni baba yangu?”

Idah alimuuliza Muigai swali hilo siku ya Krismasi, mwaka wa hamsini na tano, na Muigai hakumjibu. Si kwamba hakutaka. Mdomo ulikuwa umejaa chapati.

Ukitaka kujua chapati hizo zilifikaje mdomoni mwake, inabidi kwanza umjue Muigai mwenyewe. Kabla ya Emajensi, ile amri ya hali ya hatari ya serikali ya wakoloni, alikuwa kibarua wa kuosha kahawa katika shamba la mzungu mmoja upande wa Ruiru, na kazi hiyo aliifanya kama watu wengine tu. Kilichompa jina ni miguu yake. Muigai alikuwa hapotei. Kutoka Ruiru hadi Thika alijua vijia vyote, vya kahawa na vya mkonge, hata vile ambavyo mbuzi walikuwa wamevisahau. Mkokoteni ukipotelea shambani, ataitwa Muigai. Wapeleka mahari wakiachana njiani, ataitwa Muigai.

“Nifunge macho,” alikuwa akisema, “unizungushe mpaka nitapike, halafu uniulize nyumbani ni wapi. Nitakuonyesha kwa pua.”

Kisha akakamatwa pamoja na wanaume wengine wengi, akapelekwa kizuizini, huko mbali kwenye joto na mbu. Alipokuwa huko, watu wake waliokuwa wakikaa huku na huku mashambani walitolewa wote, nyumba zao zikachomwa, wakaambiwa wakajenge upya katika kijiji kimoja hapo Mugutha, chenye handaki pande zote na lango moja. Wakajenga. Nyumba za udongo, mviringo, paa la nyasi, zimepangwa mistari kama mahindi, kila moja pacha wa jirani yake. Ngendo, mke wa Muigai, alijenga yake huku binti yao Mumbi akimpitishia tope. Magdalene, mama yake Idah, alijenga yake mstari uleule. Baba yake Idah alikuwa amechukuliwa Thika mjini siku ya msako, na tangu hapo hakuna aliyeleta habari zake, nzuri wala mbaya.

Krismasi za miaka hiyo zilipita kama Jumanne yoyote. Kulikuwa na kuchimba handaki, kwenda kuni mkisindikizwa na askari, na kulala mapema kwa amri. Lakini mwaka ule chifu akatangaza kwamba siku ya Krismasi watu wangeruhusiwa kwenda kanisani na kutembeleana mpaka jua litue. Wanawake walivyosikia hivyo, weh! Ngendo akashuka mtoni, akachota udongo mweupe, akapaka ukuta wake mpaka ukang'aa kama meno ya mtoto. Magdalene, ambaye msimu mzima alikuwa amechuma kahawa mpaka vidole vikawa vyeusi, akanunua unga wa ngano na mafuta, akapika chapati. Chapati! Idah alikuwa akizijua kwa kusimuliwa tu. Zilifunikwa ndani ya sufuria, zikasukumwa chini ya kitanda, zikingoja wageni wa kwaya.

Asubuhi ya Krismasi Idah hakwenda kanisani. Funza walikuwa wametolewa mguuni mwake jana yake na alikuwa akitembea kama kuku aliyefungwa kamba.

“Basi utalinda chakula,” Magdalene akamwambia. “Hiyo sufuria usiifunue. Hata akija malaika, mwambie angoje.”

Asubuhi hiyohiyo Muigai alikuwa njiani. Lori lilikuwa limewashusha Thika, yeye na wenzake, kila mmoja na karatasi yake ya kuachiliwa iliyotaja kijiji chake kipya. Wengine walikaa kungoja chifu aje awachukue. Muigai aonyeshwe njia ya nyumbani na chifu? Akaanza kutembea. Jua lilipokuwa linaanza kuchoma alikuwa langoni Mugutha, karatasi mkononi, akimtazama askari aitwaye Ndung'u.

“Ngendo wa Muigai?” Ndung'u akasema. “Shika mstari wa juu. Ni nyumba iliyopakwa nyeupe. Hata kipofu hawezi kukosea.”

“Unaniambia mimi habari ya kukosea?” Muigai akamjibu. “Uliza watu.”

Ndung'u hakuwa mwongo. Tatizo ni kwamba hakuwa amepanda mstari wa juu wiki nzima. Ngendo alipopaka ukuta wake, jirani wa kulia alilala vibaya, na asubuhi akaenda mtoni. Jirani wa kushoto akamwona, akaenda naye. Kufika Krismasi, mstari mzima ulikuwa mweupe pe, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Muigai akasimama, akakuna kichwa. “Ngai! Huyu Ngendo! Amepaka mpaka za majirani!”

Macho yalipokosa la kumwambia, pua ikafanya kazi. Kulikuwa na harufu inatoka mlango mmoja, harufu ambayo kwa miaka yote ya kizuizini alikuwa akiiota. Akaifuata. Mtu haombi ruhusa kuingia kwake, kwa hiyo aliinama, akaingia, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu. Pale kitandani kulikuwa na kasichana kamefungwa kitambaa mguuni, macho yamemtoka.

Muigai akakatazama. Mumbi wake, kalivyokua! Na masikio yale, kama ya mama aliyemzaa yeye Muigai kabisa.

“Mama,” akasema, “hujambo, mama?”

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu Wagikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na kwa hiyo baba akimwita binti huyo humwita mama, kwa heshima. Kila msichana anajua ni nani anayemwita hivyo. Idah aliitwa mama na mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alikuwa amechukuliwa Thika.

“Sijambo,” akajibu, sauti ikatoka kama ya panya.

“Na hapo chini ya kitanda kunanukia nini?”

“Ni za Krismasi.”

“Kwani leo ni lini?”

Idah akafikiri. Mama yake alikuwa ametaja malaika. Kuhusu baba hakusema lolote. Akavuta sufuria.

Chapati ya kwanza Muigai aliila amefumba macho. Ya pili aliila huku machozi yanamtoka. Zilizofuata aliziviringisha mbilimbili kama mkeka. Idah alikuwa amesogea mpaka magotini pake, akimkagua mkono, akimkagua kidevu, akijaribu kukumbuka. Ndipo akamuuliza. Na Muigai, mashavu yamefura, akainua kidole kumwomba angoje ameze kwanza.

Mlango ukaingia giza. Magdalene alikuwa amesimama hapo, na nyuma yake kwaya nzima, imeimba tangu asubuhi, ina njaa.

Muigai akameza kwa nguvu. Akasimama kama mwenye nyumba. “Karibuni, karibuni. Ngendo bado hajarudi kanisani, lakini ketini tu.”

“Ngendo yupi?” Magdalene akauliza.

“Mke wangu. Mwenye nyumba hii.”

“Mwenye nyumba hii ni mimi,” Magdalene akasema polepole, “na hiyo unayotafuna ni Krismasi yangu.”

Huko nyuma ya kwaya mtu akapiga ukelele. Ngendo, Mumbi nyuma yake, akajipenyeza katikati ya wanawake kwa viwiko, akafika mlangoni, akamwona mumewe amekonda kama ufito, mafuta yamemtiririka mpaka kidevuni.

“Muigai?”

“Ngendo!”

“Miaka yote hii! Ninakuombea asubuhi na jioni! Halafu unarudi, na nyumba ya kwanza kuingia ni ya Magdalene?”

“Niliambiwa ni nyeupe!”

“Zote ni nyeupe, wewe!”

“Na mimi nitajuaje umeanzisha vita vya rangi?”

Mwanamke mmoja akacheka. Akajaribu kujizuia, akashindwa, akamshika mwenzake begani. Kicheko kikapita mstari mzima kama moto kwenye nyasi kavu, mpaka Ndung'u akaja mbio kutoka langoni akidhani kuna fujo. Alipoelezwa, bunduki ilimponyoka. Watu husema kijiji kile hakikuwa kimecheka hivyo tangu handaki lichimbwe.

Idah peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa ameingia chini ya kitanda na sufuria tupu.

“Amesema mama,” alikuwa akilia. “Ameniita mama.”

Kicheko kikakatika. Magdalene akapiga magoti, akamvuta kwa mguu ule mzima, akampakata. Alikuwa na haki ya kumchapa mtu siku ile, na wengi walikuwa wakimtazama Muigai kuona pa kuanzia. Lakini Magdalene alimtazama yule mtu mwembamba kwa muda.

“Nyamaza, mwanangu,” akasema. “Kama huyu amefika, na hajui njia hivi, basi barabara ya kutoka huko inapitika. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Chapati tutapika nyingine.”

Siku hiyo walikula githeri ya Ngendo, mahindi na maharagwe, wote, kwaya na askari, nje ya nyumba nyeupe, mpaka jua likatua.

Krismasi iliyofuata wanawake wa mstari wa juu walikubaliana, kila mmoja rangi yake. Huyu nyekundu, yule ya majivu, mwingine akachora nyota. Magdalene alipaka udongo wa njano, akazungushia mlango mstari mweusi ili usikosewe na mtu. Waume wakarudi mmoja mmoja, na hakuna aliyepotea. Ukuta wa njano ulipakwa upya kila Desemba, hata baada ya handaki kufukiwa. Baba yake Idah hakurudi.

Aliyekuja ni Muigai. Kila Krismasi, kabla hajaonja chochote kwake, alibeba sufuria ya chapati za Ngendo mpaka mlango wa njano, akasimama nje, akapaza sauti, “Hii ni nyumba ya nani?” Watoto wote walingoja hapo ili wamjibu uongo. Paa likivuja, yeye ndiye aliyepanda. Idah alipougua surua, alimbeba mgongoni mpaka hospitali Thika, kwa njia ya mkato, na ninasikia walipotea mara moja tu.

Mwaka huu Idah alipata nafasi katika shule ya bweni. Asubuhi ya kuondoka, Muigai alikuja na baiskeli, akafunga sanduku kwenye keria kwa kamba ya mkonge, wakashika njia ya Ruiru kwenda stesheni, yeye akisukuma, Idah akishika sanduku lisianguke. Huko shuleni wangeuliza jina la mzazi wa kiume. Walipofika kwenye kahawa, Idah akamgeukia Muigai.

“Ile Krismasi nilikuuliza swali, hukunijibu.”

Muigai alisimamisha baiskeli, akakaza kamba ya mkonge.

“Siku ile ningesema ndiyo, mama, nikawa nimekosea nyumba,” akasema. “Leo nikisema hapana, hata Ngendo hatanifungulia mlango. Shika sanduku vizuri.”