Siku Niliyomsalimia Mama Msituni

Baba mkubwa alipiga simu saa moja na nusu asubuhi. Kaka yangu alikuwa nje anaosha mabuti. Nilikuwa na siku tatu tu tangu nifike kule pwani kutoka kwetu Simiyu.

"Kaka yako yuko hapo karibu?" aliniuliza.

"Yuko nje."

"Basi usilie. Unanisikia? Usilie. Mama yenu ametutoka leo alfajiri."

Nilikaa kitandani. Nje nilisikia maji yakimwagwa, na kaka akipiga mluzi. Baba mkubwa aliendelea kuongea taratibu, kama mtu anayesoma orodha. Mwili ulikuwa nyumbani, na joto lilikuwa kali. Mazishi yangekuwa kesho yake saa tisa alasiri. Lilikuwepo gari la saa sita mchana barabara kuu; tukilipata, kesho asubuhi tungeshuka Bariadi.

"Kaka yako asiambiwe," alisema. "Mwambie Mama anaumwa, anamhitaji. Akifika, sisi wazee tutamkalisha na kumwambia. Nakutegemea wewe."

"Nimesikia, baba."

Kwetu ndivyo inavyofanyika. Mtu aliye mbali haambiwi kifo, anaambiwa ugonjwa, ili miguu yake imfikishe. Na mdogo hampi mkubwa habari ya namna hiyo. Wapo wakubwa wa kazi hiyo, na wana maneno yake. Mtu mzima akiitwa haraka kwa sababu ya mgonjwa, kwa kawaida anaelewa mwenyewe, anafunga mzigo bila kuuliza sana.

Lakini kaka yangu alikuwa ameshaitwa hivyo mara mbili. Mara ya kwanza alikuta Mama anachambua pamba kibarazani, mzima, na wazee wanataka wagawane ng'ombe. Mara ya pili alikuta wageni wamekaa kwenye viti vya kuazima, na binti aliyetafutiwa aoe yuko jikoni na shangazi zetu. Alikaa siku mbili akarudi pwani, na hakuja tena nyumbani kwa miaka miwili. Mimi ndiye niliyetumwa kwake baada ya mavuno, na mfuko wa michembe, yale makopa ya viazi vitamu ambayo Mama alikausha mwenyewe. "Kamwone kaka yako," Mama aliniambia. "Na wewe ukaione hiyo bahari, mimi nitasimuliwa."

Nilitoka nje nikamwambia. Nilitazama mabuti wakati nasema.

"Baba mkubwa kapiga. Mama anaumwa. Anasema tuondoke leo."

Alicheka. "Anaumwa tena? Safari hii binti anatoka wapi, Mwandoya au Lamadi?"

"Anaumwa kweli."

"Umeongea naye mwenyewe?"

"Hapana."

"Unaona." Alining'iniza mabuti kwenye mti yachuruzike maji. Kisha akanitazama, na nafikiri aliona kitu, maana aliacha kucheka. "Sikiliza, mdogo wangu. Leo nimeomba ruhusa kazini kwa ajili yako. Nimekuahidi huu msitu tangu uko darasa la tano. Tutembee leo, kesho alfajiri tunaondoka wote. Kama ni presha yake, nitampeleka hospitali. Kama ni binti, nitamsalimia na kurudi. Sawa?"

Nilitakiwa niseme hapana. Nilikuwa nimebeba neno moja ambalo lingemfanya aache kila kitu. Mimi tangu utotoni ni mtu wa kuitikia. Nikasema, "Sawa."

Kaka alikuwa kibarua wa hifadhi, kazi yake kufyeka njia za watalii ndani ya msitu. Siku hiyo aliingia kama mgeni, amevaa shati safi, na rafiki yake mwongozaji ndiye aliyetutembeza. Huyo alikuwa mwenyeji wa pwani, mtu mwenye mvi chache na maneno mengi.

"Karibu, Msukuma," aliniambia langoni. "Ila panga acha hapa. Ninyi mkiona mti, mkono unawasha."

"Na ninyi mkiona ng'ombe mnauliza mchele uko wapi," kaka alimjibu.

Walicheka, nami nikacheka. Nilishangaa kwamba naweza.

Sikuwa nimewahi kuingia mahali kama pale. Kwetu ukisimama mlangoni unaona mpaka mwisho wa macho: mashamba ya pamba, vichaka, mawe, mtu anayekuja ukamjua kwa mwendo akiwa bado mbali. Mle ndani huoni hatua ishirini. Miti imesimama karibu karibu, kamba nene zimening'inia kati yake, na majani ya chini yana maji hata bila mvua kunyesha. Harufu ilikuwa ya udongo uliolowa na ya kitu kilichooza vizuri, kama ghala la mahindi lililovuja. Mwongozaji alituonyesha panya mwenye pua ndefu akikimbia juu ya majani makavu. Alisema anaitwa sange. Hondohondo walipita juu, mbawa zao zikivuma. Niliona kila kitu. Nakumbuka kila kitu. Na kila nilipoonyeshwa kitu kipya nilifikiri, hiki cha kumsimulia Mama, halafu nikakumbuka.

Tulipofika kwenye mti mkubwa tulikuta mbega, kama kumi, weusi na mabega yao meupe. Wenye watoto walitutazama bila woga. Kaka alitoa simu akaanza kurekodi.

"Mama," alisema kwa ile sauti yake ya utani, "hawa ndio majirani zangu. Umeona walivyovaa? Kama wazee wa kanisa. Unasema nioe, haya, chagua hapo." Halafu akanigeuzia simu usoni. "Na mwanao huyu hapa. Msalimie Mama."

Niliwatazama mbega.

"Msalimie bwana, inarekodi."

"Mwangaluka, mayu," nilisema. Ndivyo tunavyomsalimia mama asubuhi kwa Kisukuma. Kwa siku zote nilizoishi, hakuwahi kuacha kuitikia.

"Ana aibu huyu," kaka aliiambia simu, akaizima.

Nilirudi nyuma nikajifanya nafunga kamba za viatu. Mwongozaji alinikuta nimeinama, uso umelowa.

"Mdudu?" aliuliza.

"Ndiyo."

Alichuchumaa. Kaka alikuwa mbele, bado anawatazama mbega. "Binti, mimi nina watoto wanne. Huyo si mdudu."

Sijui kwa nini mtu baki ni rahisi zaidi. Nilimwambia yote kwa maneno machache: simu, mazishi kesho, gari la saa sita. Alitazama saa yake. Ilikuwa saa nne na robo.

"Mwambie sasa hivi."

"Nimekatazwa. Wazee ndio watamwambia."

"Kwetu sisi mtu anaambiwa pale pale na anazikwa siku hiyo hiyo." Alifuta jasho. "Lakini msiba si wangu. Siwezi kumwambia mtu kifo cha mama yake wakati damu yake mwenyewe imenyamaza. Ngoja nijaribu kitu."

Tulipotembea kidogo aliinua mkono tusimame. Palikuwa na mavi ya tembo njiani. "Turudi," alisema kwa kunong'ona. "Wako mbele. Wana watoto, hao ni hatari."

Lilikuwa wazo zuri kwa mgeni wa mjini. Lakini kaka yangu alikulia Itilima, mahali ambapo tembo wanatoka hifadhini na kula mahindi yetu, na usiku wa zamu alilala shambani na debe la kupiga tangu ana miaka kumi. Alivunja lile bonge kwa fimbo, akalinusa.

"Rafiki, haya ni ya juzi. Yamekauka mpaka ndani, mbawakawa wameshahama. Unataka kwenda kunywa chai, sema."

Mwongozaji alinitazama. Ilikuwa zamu yangu. Alisubiri muda mrefu kuliko inavyohitajika mtu kujibu utani. Kaka alisubiri pia, anatabasamu, hajui anasubiri nini. Nikasema, "Mimi sijachoka."

Tukaendelea. Mwongozaji hakutania tena. Tulipanda kilima mpaka pale ambapo miti inaachana, na bahari ikaonekana mbali, mstari wa buluu uliolala. Kaka alinishika bega. "Umeiona? Sasa hata ukifa leo umeiona." Tulikula michembe pale juu. Alinisifia jinsi ilivyokauka vizuri. Alisema hakuna anayeikausha kama Mama. Tulitoka msituni saa tisa. Jioni nilimwandikia baba mkubwa kwamba gari limetuacha; alijibu kwamba mwili hauwezi kungoja.

Tuliondoka kesho yake alfajiri, kama alivyoahidi. Njiani alimpigia Mama mara mbili, simu haikupatikana. "Chaji," alisema. Tulipofika Dodoma alishuka akanunua zabibu, akachagua kichala kimoja kimoja, akanipa nizishike mapajani zisipondeke. "Mgonjwa anapenda kitu cha maji," alisema. Gari likaondoka. Juu ya kichwa cha dereva palikuwa na saa ya namba nyekundu. Ilipofika saa tisa kamili nilijua wanamteremsha. Kaka alikuwa amelala, kichwa chake begani kwangu. Sikutikisika mpaka saa kumi.

Jumamosi asubuhi tulishuka stendi ya Bariadi. Baba mkubwa alikuwa amepanga: tufikie kwake mjini, wazee wawili wangekuwepo, kaka angewekwa kwenye kiti, angepewa maji. Lakini hatukufika kwake. Kijana mmoja wa bodaboda, jirani yetu, alituona, akashuka kwenye pikipiki, akamshika kaka mkono kwa mikono yote miwili.

"Pole sana, kaka. Mama tumempumzisha jana. Watu walikuwa wengi mno."

Kaka hakulia. Aliuachia ule mkono polepole. Kisha akanigeukia.

"Ulijua lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi saa ngapi?"

"Ulipokuwa unaosha mabuti."

Alitazama mfuko wa zabibu mikononi mwangu. Tulipanda pikipiki ya yule kijana mpaka nyumbani.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, upande wa shamba, udongo bado una unyevu na maua ya karatasi juu. Alisimama pale peke yake mpaka jua likawa kali. Walimnyoa nywele, naye akainamisha kichwa kama mtoto. Jioni, wazee walipokaa, baba mkubwa alisema mbele ya wote kwamba mimi ni binti mwenye adabu, nimekabidhiwa jambo zito na nimelishika vizuri. Wazee waliitikia. Mama wadogo waliitikia. Kaka alikuwa amekaa chini, karibu na mlango.

"Mlisema anaumwa mara mbili, akawa mzima," alisema. "Ya tatu ningejuaje?"

Baba mkubwa alijikuna shingo. Mtu mmoja aliomba chumvi.

Alikaa siku nne. Alinisemesha pale tu ilipolazimu: niletee maji, funga mlango wa banda. Siku ya kuondoka nilimbebea begi mpaka barabarani, na hakunizuia. Tulisimama tukisubiri gari. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba msamaha, nimeyarudia usiku mzima kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, na yote yalikuwa yameniishia.

"Nikuulize kitu," alisema. "Ungekuwa wewe uko mbali, ungetaka uambiwe?"

"Ningetaka."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata bei aliyoitegemea. Gari lilipofika alichukua begi mkononi mwangu akapanda. Dirisha la upande wangu lilikuwa wazi. Alikwenda kukaa upande wa pili.

Huwa anapiga simu nyumbani kila Jumapili. Anaongea na baba mkubwa, anaongea na mama wadogo, anauliza hali ya ng'ombe. Simu ikifika kwangu inakuwa imeshakatwa.