Mama aliigeuza kaktasi ya mke wangu kuwa uzio wa kuku

Wakuu, poleni na majukumu.

Hapa Mpanda vumbi linatutia adabu, nimekaa dukani kwangu nauza spea za pikipiki na wateja hakuna. Nikaona niwape kisa cha nyumbani kwangu. Ni kweli tupu, kwa sababu wife naye yumo humu jukwaani na ID yake sijawahi kuijua. Nikiongeza chumvi ataniumbua hapahapa.

Iko hivi.

Wife ana kaktasi ya kuning'inia. Siyo zile za kusimama wima kama mtu kapigwa shoti. Hii ni chotara, kama kuku chotara vile, wataalamu wamechanganya aina mbili. Vijiti vyake vyembamba vya kijani vinashuka kutoka kwenye chungu kama rasta, vina vimiba vidogo. Ilikuwa kwenye ndoano sebuleni, karibu na dirisha.

Ilikuwa ya marehemu mama yake. Bi mkubwa aliishi Magamba, akafariki kabla hatujaoana. Nyumba ikauzwa, vyombo ndugu wakagawana. Wife alichoomba ni hicho chungu tu.

Kwa hiyo mimi na nyie tunaona mmea. Mwenzetu anamuona mama yake.

Mwaka jana akapata nafasi ya kusoma Mbeya. Siku ya kuondoka, wife hata hakuniusia mtoto wetu Minza. Aliniusia kaktasi.

"Baba Minza, udongo ukikauka kabisa ndiyo umwagie. Nakuomba, isife mikononi mwako."

Nikamwambia nenda mama, mimi mtoto wa mfugaji nimekuza ng'ombe, nitashindwa na majani?

Wakuu, nilishindwa na majani.

Kosa langu mimi ni upendo. Kwetu ukipenda mnyama unamnywesha, basi kila asubuhi kabla sijanywa chai naitilia kikombe cha maji. Masika nayo ikaingia, unyevu nje, unyevu ndani, na mimi namwaga tu. Nikaleta picha humu, mmoja wenu (unajijua) akaniambia niongeze majani ya chai. Nikaongeza!

Vijiti vikaanza unjano. Kule chini kwenye udongo kukawa laini kama ndizi iliyopitiliza. Wife akipiga video call naionyesha kwa mbali halafu nasema mtandao unasumbua.

Katikati ya hayo dada wa kazi akaaga, anaenda kuolewa. Nikamuomba mama yangu aje kutoka Kasansa akae na mjukuu.

Mama ni Msukuma wa ng'ombe, mambo ya maua hana habari nayo. Kuingia sebuleni tu, macho juu.

"We baba, huu si mnyaa?"

Kwa wasiojua, minyaa ndiyo tunazungushia maboma. Nayo ni vijiti vya kijani, ukikata vinatoa maziwa, na maziwa yakiingia jichoni ni balaa.

"Hapana mama, hilo ni ua tu la wife."

"Maua yako wapi? Nyie watu wa mjini mnatundika uzio ndani, na mtoto yumo?"

Nikacheka, nikaenda zangu dukani. Habari ya marehemu sikuitaja.

Jioni narudi, ndoano tupu.

Nikauliza: "Mama, kile chungu?"

"Nimemwaga, chini kulishaoza. Vijiti vizima nimevikata nimevilaza kivulini vidonda vikauke. Vikikauka nachomeka kwenye uzio wa kuku, pale penye mapengo. Ila mnyaa wenu dhaifu, hauna hata maziwa."

Jamani! Niliona imeshakufa, na muuaji ni mimi. Nikimwambia mama ilikuwa ya marehemu ataumia bure. Nikaifanya siri, na wife akipiga video call nasema kamera imeharibika. Na kule nyuma kwa kuku nikaacha kabisa kwenda, nikawa kama nakwepa kaburi.

Mwezi wa tisa wife akarudi likizo. Begi liko begani bado, macho kwenye ndoano.

"Baba Minza, iko wapi kaktasi ya mama?"

Nikajikaza kisabuni nianze kueleza, mama yangu akanyanyuka kwenye kiti taratibu.

"Ya mama gani?"

"Mama yangu mzazi."

Mama akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mayu we! Nimemfanya mkwe mwenzangu uzio wa kuku!"

Akamshika wife mkono, wakatoka mbio kwenda nyuma. Mimi nafuata kwa mbali kama mshtakiwa.

Wakuu, Mungu si Athumani. Vile vijiti vilikuwa hai! Vimeegemea minyaa, vimepanda, vimemwagika upande wa pili vinaning'inia. Na katikati, ua moja la pinki limefunguka, mengine bado yamefumba.

"Lakini kwa uzio haufai," mama anajitetea. "Unalala tu, kuku wanapita."

Wife akapiga magoti palepale kwenye kinyesi cha kuku, akalia. Halafu akaanza kucheka. "Haijawahi kuchanua tangu tumzike," akasema. Akamkumbatia mama. Mimi nilikuwepo, hakuna aliyenikumbatia.

Baadaye wife akanieleza kwamba kukata kipande kizima, kukausha kidonda na kuchomeka ndiyo namna ya kuiotesha upya. Mama alifanya tu vile wanavyopanda minyaa, na hakuna aliyekwenda kuinywesha kila siku.

Somo nililopata: maji kidogo, maelezo mengi. Ningemwambia mama ile siku ya kwanza ni ya nani, nisingekonda miezi yote ile.

Karibuni mchangie, wenye nayo mnamwagia kila baada ya muda gani? Mzee wa majani ya chai, wewe soma tu.

Ila kabla hamjanishambulia. Mama alirudi Kasansa na kipande kwenye kanga, akakipanda kwenye kopo, akakitundika sebuleni kwake. Juzi nilikwenda kumsalimia, nikamkuta jirani anamcheka eti bibi ametundika mnyaa ndani.

"Siyo mnyaa huo," mama akamjibu. "Ni mkwe mwenzangu. Hatukuwahi kuonana akiwa hai, sasa nimemkaribisha ndani."