Pasipofagiwa

Daktari aliniambia nitembee au niendeshe baiskeli ili presha ishuke. Hakuniambia nimbebe dada yangu kwenye karia.

Nilipostaafu nilianza kwa utii. Kila asubuhi nilitoka Nachingwea mjini kabla bodaboda hawajaanza kupigiana honi, nikaingia kwenye vijia. Nilifuata tuta la reli ya zamani, ile waliyoijenga wazungu wa mradi wa karanga enzi za ukoloni kisha ikang'olewa, na leo ni njia nzuri kuliko barabara kadhaa ninazozijua. Nilifika Kiegei. Njia ya Kilimarondo niliishia katikati, baada ya mzee mmoja kuniuliza kwa upole kama nimewahi kushindana mbio na tembo. Lakini upande wa Ruangwa ndio ulionishika. Unapanda taratibu, vilima vya mawe vinajitokeza mbele yako kimoja kimoja, na unasahau kwamba magoti yako yana umri wa kustaafu. Haya yote niliyachora kwenye daftari la shule, na alama za mahali pa kupumzika. Kosa langu ni kumsomea dada.

Dada ana miaka sabini na ushee, na ndiye aliyenilea. Alinisikiliza huku akimenya kunde mpaka nilipofunga daftari. Ndipo akasema, "Basi, kwa kuwa kazi yako sasa ni kuzurura, nipeleke na mimi kwenye njia yangu."

Njia yake nilikuwa naijua kwa kuisikia. Alipokuwa mke mchanga, ameolewa upande wa Ruangwa, alitembea kwa miguu kumleta mwanawe wa kwanza hospitali ya Nachingwea. Mtoto alikuwa na homa. Hakufika. Watu wa kijiji kimoja cha njiani walimpokea dada, wakamzika mtoto pembeni ya njia karibu na mkorosho mchanga, wakampa uji, naye akarudi kwa mumewe mikono mitupu. Haukupita muda watu wale wakahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa na njia ikafa. Dada alizaa wengine, akazika mume, lakini kaburi lile hakuliona tena. Alitaka kuliona kabla miguu haijamkatalia kabisa.

Nilimwomba tusubiri msimu wa korosho upite. Akanijibu kwamba yeye hajaahidiwa msimu mwingine.

Sasa, mtu wa huku haendi kutembeatembea mashambani wakati wa korosho. Kila mwenye shamba amepalilia na kufagia chini ya mikorosho yake mpaka udongo umebaki mtupu kama ua wa nyumba, ili korosho ikidondoka ionekane. Na anayepita na mzigo hupiga hodi, husimama, na kuufungua mwenyewe, waone hakuokota njiani. Hiyo ni adabu na nimekua nayo. Pamoja na hayo nilitoka nyumbani na dada kwenye karia na kiroba kimening'inia kwenye usukani, kiroba chenyewe kile kile ambacho watu hubebea korosho. Ndani kulikuwa na chupa ya maji, mihogo ya kuchemsha na kitabu chake cha Yasini cha kuwasomea marehemu.

Shamba la kwanza, hodi, shuka, fungua kiroba. La pili hivyo hivyo. La tatu tulimkuta mzee mmoja mwenye fulana ya timu ya mpira, akaihesabu mihogo yetu kana kwamba nayo ilidondoka kwenye mikorosho yake. Dada alikuwa akimjibu kila mtu salamu zote, za nyumbani, za watoto, za mvua, na mimi nimeshika baiskeli jua linanichoma kisogo.

Halafu tukapotea. Ardhi iliyofagiwa haina njia, au tuseme yote ni njia. Unaingia shamba moja unatokea jingine, mikorosho ni ile ile, daftari langu halina faida. Na nyuma yangu sauti ikiniamuru nikate kulia penye mgomba, mgomba ambao bila shaka uliliwa na kusahaulika kabla sijaanza shule. Nikate kushoto penye nyumba ya mfua vyuma. Nyumba gani? Nilikata kulia, nikakata kushoto, nikahema, nikasukuma, na hodi yangu ya kumi ikaitikiwa na mzee yule yule mwenye fulana. Akakifungua kiroba upya. Safari hii aliifunua hata Yasini, akaitikisa.

Hapo uvumilivu ukaniishia. Tulipotoka pale nilimwambia dada, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake, kwamba njia yake imekufa, kijiji kimekufa, na mtoto yule Mungu peke yake ndiye anayejua alipo, kwa hiyo turudi. Dada alishuka kwenye karia, akajifunga kitenge vizuri, akatangulia kwa miguu akichechemea. Nikamfuata nikikokota baiskeli, hasira zote zimegeuka aibu. Yule ndiye aliyenibeba mgongoni mimi, na hata siku moja hakuniambia turudi.

Shamba lililofuata lilikuwa na mama wa makamo anayefagia peke yake. Nilipiga hodi, nikafungua kiroba kabla hajasema neno, maana nilishachoka kuombwa. Akaiona Yasini. Akatuamkia, kisha akamuuliza dada tunakwenda msiba wa nani, mbona huku hajasikia msiba. Dada akamwambia. Alimweleza kwa maneno machache sana, hata machozi hakutoa, kama mtu anayeulizia nyumba ya jirani.

Yule mama akaegemeza ufagio wake kwenye shina.

"Twendeni," alisema.

Alituvusha safu nne za mikorosho, chini kweupe kabisa, mpaka kwenye mkorosho mmoja mkubwa uliokwisha kuzeeka, matawi yake yameinamia chini. Pembeni yake palikuwa na kipande kidogo ambacho hakikufagiwa. Hakizidi mkeka mmoja. Majani yalikuwa yamelala juu ya majani, na korosho zimetapakaa pale na mabibo yake mekundu na ya njano, hakuna aliyezigusa.

Alisema shamba aliachiwa na mama mkwe wake, na mama mkwe alilikuta likiwa hivyo kwa waliomtangulia. Aliambiwa hapa pana mtoto wa wapita njia, pasifagiwe, na kinachodondoka hapa kisiokotwe. Ni mtoto wa nani, hakuna aliyekuwa akijua. Kila mwaka anafagia mpaka ukingoni, anazunguka, anaendelea.

Dada alikaa chini. Alinipa kitabu nisome mimi, kwa sababu macho yake hayaoni tena herufi ndogo, na nilisoma vibaya. Alipomaliza kuomba dua alipapasa majani kidogo kwa kiganja, akayaacha yalivyokuwa.

Tuliposimama kuaga, yule mama akachukua kiroba kutoka kwenye usukani, akachuchumaa, akaanza kutenga korosho na mabibo yake, akizitia ndani. Dada alimkatalia. Akaendelea tu.

"Siku zote tulikuwa tunamwekea mwenyewe, mama," alisema. "Mwenyewe umefika."

Kwa hiyo, baada ya kupekuliwa asubuhi nzima tukiwa watupu, nilitakiwa kurudi njia ile ile na kiroba cha korosho mbichi. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na zaidi ya yote nilimuona akilini mzee wa fulana akinisubiri. Yule mama alisoma uso wangu. Akajifunga khanga, akasema atatusindikiza.

Wakatangulia wao wawili wakizungumza, mimi nyuma na baiskeli. Kwenye shamba la mzee nilipiga hodi. Alitazama kiroba, akanitazama mimi, akanyoosha mkono wake akifungue.

Yule mama akamwambia, "Acha. Hizo ni za mtoto wao."

Mzee akaurudisha mkono. Akatusogezea matawi yaliyokuwa yameziba kijia, tukapita.