Sinia Nililolikataa Kisarawe

Nikila kwenye hitma yake chakula nilichokikataa akiwa hai, si nitakuwa namdhihaki? Na nisipokula je? Swali hilo liliniweka macho nyumbani kwetu Picha ya Ndege, Kibaha, baada ya rafiki yangu wa sekondari kunipigia simu kwamba bibi yake amefariki, na kisomo cha kumwombea ni Jumapili.

Wazazi wangu walitoka Burundi. Mama alitulea kwa desturi ya kwao: mtu mwenye heshima haonekani akitafuna mbele ya watu baki. Tukila, mlango unafungwa; mgeni akibisha, sahani zinafunikwa. Kisarawe, tulikoishi wakati ule, mambo yalikuwa kinyume. Kwa rafiki yangu sinia liliwekwa mkekani, mlango wazi, na kila apitaye aliitwa.

“Sogea, mjukuu wangu,” bibi aliniambia kila nilipofika.

“Nimeshiba, bibi.”

“Umeshiba nini, na mmetoka shule sasa hivi?”

Rafiki yangu alicheka. “Muache, bibi. Mrundi huyu anahisi tumemtilia sumu.”

Nilicheka nao, tumbo likinguruma. Siku moja bibi hakucheka. Alisema taratibu, “Labda mkono wangu anauonea kinyaa.”

Ningeweza kumweleza. Lakini kueleza kungekuwa kuwakumbusha tena kwamba sisi si wa hapa, na mimi nilikuwa nikihangaika kuongea kama wao, hata kucheka kama wao. Nikajifanya nina haraka, nikaaga. Tukahamia Kibaha, nikaenda chuo, nikahitimu. Mara ngapi nilipanga kurudi kumweleza! Nilitunga maneno, nikayaona mabaya, nikaahirisha.

Jumapili nilipoaga, mama aliuliza, “Utakula? Mbele ya watu wote wale?” Nikajitanda mtandio, nikatoka.

Kisarawe, kisomo kilipokwisha, wanawake wakakaa makundi makundi, masinia ya pilau yakaletwa. Shangazi wa rafiki yangu akaniona nimesimama mlangoni.

“Huyu hali na watu, namjua. Mfungashieni pilau yake.”

“Hapana, shangazi,” nilisema. “Kwetu tulifundishwa kutokula mbele za watu. Bibi sikumwonea kinyaa hata siku moja. Nilipaswa kumwambia mwenyewe.”

Rafiki yangu akasogea, akanipa nafasi kando yake. Nikanawa, nikakaa mkekani, nikatia mkono kwenye sinia, nikala.