Hodi Isiyo na Muhuri

Kwenye kiwanda cha magodoro walimbandika jina la Mama Hodi, naye akalivaa kama nishani. Ukoo wetu hauzai wanyonge, na mpwa wetu huyu ndiye ushahidi, kwa anayetaka kubishana.

Kazi yake ilikuwa kulea seva moja yenye ukubwa wa kabati la nguo, inayotunza majina na nywila za wafanyakazi wote mia sita. Kompyuta za kiwanda kizima huibishia hodi kutoka mbali: huyu ni wetu? Tumfungulie? Tatizo, seva ilikuwa na ukarimu wa kijinga. Kompyuta za kisasa zilibisha kwa muhuri wa siri unaothibitisha ni nani anayeita. Zile kuukuu zilitaja jina tu, nayo ikajibu karibu. Yaani hata mwizi angejiita meneja, angepewa kiti na funguo juu.

Miezi minne Mama Hodi alizunguka na daftari akizisaka kompyuta zisizo na muhuri. Moja aliikuta nyuma ya marobota ya sponji, imefunikwa taulo, inaendesha mashine ya kukata. Akazirekebisha zote thelathini na moja, kisha akaomba ruhusa: kuanzia sasa, hodi bila muhuri, hakuna karibu.

Meneja, bwana ambaye tumbo lake hufika kabla yake, alicheka. "Mama, mashine hata moja ikisimama kwa mihuri yako, ulete na barua ya kuacha kazi."

"Nitakuja nayo, bosi. Kalamu ninayo."

Akaiandika kweli, akaikunja, akaiweka juu ya seva. Saa tatu asubuhi, meneja akiwa mlangoni kushuhudia aibu ya mwenzake, Mama Hodi akabonyeza kitufe cha kukataa hodi zisizo na muhuri. Mashine ya kukata ikazidi kunguruma. Cherehani nazo hazikukosa hata mshono. Dakika kumi, shwari.

Mara skrini ikawa nyekundu: hodi imekataliwa. Anayebisha: kompyuta ya meneja.

"Si nilisema!" Meneja akaruka. "Umenifungia mimi mwenyewe! Lete barua!"

"Bosi, kompyuta yako iko wapi?"

"Hii hapa kwapani! Hata sijaiwasha."

"Basi nani huyo anabisha kwa jina lako?"

Hodi ya pili, ya tano, ya kumi. Zote zikagonga ukuta. Mama Hodi akaufuata waya zilikotokea hodi hizo hadi chumba cha mikutano. Nyuma ya pazia palichomekwa kijisanduku kidogo kama kipande cha sabuni, kikibisha kwa jina la meneja: zawadi ya fundi aliyekuja juzi kutundika mapazia ambaye, kumbe, hakuna aliyemwita.

Kiwanda kizima kilimpigia makofi, hadi walinzi wa getini. Meneja akaitwaa ile barua juu ya seva, akaifungua.

"Mbona hujaisaini?"

"Haina saini, haina muhuri," akasema Mama Hodi, akiichukua taratibu mkononi mwa meneja. "Na hapa, bosi, vya namna hiyo hatupokei."